Sindano ya testosteroni nyumbani au kliniki? Kisa cha Baba T. na ile 0.4 ambayo haikumwagwa

Mimi ni nesi, niko kliniki ya hospitali moja Mbeya mjini, na hiki kisa nimekuwa nacho toka mwanzo. Mwenyewe amekubali niandike, ila jina, kijiji na vitu vingine vya kumtambulisha nimevitoa au nimevigeuza kidogo, nitamwita Baba T. Naandikia manesi wenzangu na matabibu wa vituo vya milimani huku, na wanaume walio kwenye testosteroni, homoni ya kiume, pamoja na wake zao, manake naulizwa sana "sista, naweza kujichoma mwenyewe nyumbani?" na ukijibu ndiyo au hapana tu unakuwa hujamsaidia mtu.

Historia yake

Baba T. ana miaka arobaini na kitu, mkulima wa viazi, anakaa kijiji cha juu kabisa kule Rungwe inakopakana na Makete, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Huo urefu uushike kichwani, tutauhitaji mbele. Ana watoto wawili. Akiwa kijana korodani moja ilijizungusha, akachelewa kufika hospitali, ikatolewa. Ile iliyobaki ilikuja kuharibiwa na matubwitubwi akiwa mtu mzima, ikavimba, ikauma wiki nzima, afu ikasinyaa. Hakumwambia mtu.

Alipokuja kwetu alikuwa amechoka yaani kuchoka kwa ajabu, mtu aliyekuwa anabeba magunia sasa akilima matuta mawili anakaa chini. Ndevu hazioti, usiku jasho linamtoka ghafla kama mwanamke aliyekoma hedhi na kule ni baridi, hamu ya tendo imekata, na mke alishaanza kuamini kuna nyumba ndogo. Kabla ya hapo alishakunywa mizizi ya kila aina kwa sababu kila aliyemweleza alimwambia hiyo ni nguvu za kiume.

Daktari hakumwanzishia dawa siku hiyo. Alimpima testosteroni asubuhi akiwa hajala, akarudia siku nyingine tena asubuhi, ikaja 110 afu 96, na mwongozo mwingi unaweka mstari wa chini kwenye 264 mpaka 300 kwa kipimo hichohicho cha ng/dl. LH, homoni ya ubongo inayoiamuru korodani kufanya kazi, ilikuwa juu, maana yake ubongo unapiga kelele ila korodani haijibu. PSA, kipimo cha damu cha tezi dume, sawa, presha sawa, na kwenye FBP, kile kipimo cha damu kamili, hematokriti ilikuwa 46, ndo ile inayoandikwa HCT, asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu. Tukamuuliza pia kama wanataka mtoto mwingine, akasema hapana. Hili swali wengi tunaliruka na ni kosa kubwa, testosteroni ya kuchoma inazima utengenezaji wa mbegu, kijana mwenye korodani nzima anayetafuta mtoto anaweza kujifungia mlango mwenyewe bila kujua.

Miezi 14 ya kuchomewa kliniki

Alianza na testosteroni enanteti, ampuli moja (kichupa kidogo cha kioo cha kuvunja shingo) ya miligramu 250 kila wiki tatu, naichoma mimi. Kwa mwili wake ilikuwa dawa kweli, baada ya miezi miwili alikuja anatembea kama mtu mwingine. Tatizo lilikuwa mambo mawili.

La kwanza ni dawa yenyewe. Enanteti ni ya mafuta, inapanda haraka siku za mwanzo kupita kawaida ya mwili afu inashuka, na wiki tatu ni mbali. Mke wake ndo alinieleza vizuri kuliko kitabu, alisema wiki ya kwanza anaongea mpaka usiku wa manane, ya pili ni mume wangu, ya tatu hataki hata kusalimiwa.

La pili ni njia. Kuja Mbeya anatoka saa kumi alfajiri kwa bodaboda mpaka barabara kuu, anapanda kosta mpaka stendi ya Nane Nane, daladala mpaka hospitali, foleni, anachomwa dakika moja, anarudi usiku. Siku nzima imeenda na hela imeenda kwa ajili ya dakika moja, na mvua za Rungwe zikianza bodaboda haishuki kabisa. Kwa hesabu ya wiki tatu tatu miezi 14 alitakiwa apate sindano 20, nimefungua faili nikahesabu, alipata 12. Kuna kipindi alikaa wiki saba.

Tukamwandikia barua akachomewe zahanati ya karibu. Alienda mara moja tu. Aliyempokea alisoma barua afu akauliza kwa sauti, watu wamejaa benchi na mmoja wao shemeji yake, "wewe ndo wa ile sindano ya nguvu za kiume?" Hakurudi tena pale. Nilipomuuliza alisema, "sista, bora nife na uchovu wangu." Hiyo kauli iliniuma na bado inaniuma, kwa sababu barua niliiandika mimi na sikufikiria hata kupiga simu kwanza kuwaeleza huyu mgonjwa ana nini. Mwanaume aliyepoteza korodani mbili anapewa homoni ambayo mwili wake hauna, sawasawa na mwenye kisukari anavyopewa insulini.

Baada ya hapo akapata mtu kijijini anayejua kuchoma ng'ombe na watu. Yule akamchoma takoni, chini mno na ndani mno, Baba T. anasema ulipita kama moto mpaka kwenye unyayo. Ganzi ilimkaa mguuni zaidi ya wiki mbili. Pale unapita mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, ndo maana sisi tukichoma tako tunachoma juu kwa nje. Alipona, lakini angeweza kubaki na mguu unaoburuzika kwa ajili ya kukwepa aibu ya benchi.

Tulivyoamua ahamie nyumbani

Tulikaa watatu, daktari, mimi na yeye, na mke akaja siku ya pili. Mezani kulikuwa na njia tatu. Kuendelea kliniki, ambayo tayari ilishashindikana. Kuhamia undekanoeti, testosteroni ya aina nyingine, ile sindano ya muda mrefu ya miligramu 1,000 ambayo ukishamaliza za mwanzo unachoma kila wiki 10 mpaka 14, ingempunguzia safari sana ila bei ilikuwa nje ya uwezo wake. Na hiyo hata ukiwa na hela haiendi nyumbani, ni mililita 4 za mafuta, inasukumwa polepole kama dakika mbili takoni na mtu aliyefunzwa, na mgonjwa anabaki pale anaangaliwa kwa sababu matone ya mafuta yakipata mshipa wa damu yanaweza kwenda kwenye mapafu, mtu akakohoa na kubanwa kifua. Marekani inatolewa kituoni tu na mgonjwa anaangaliwa dakika 30. Kwahiyo mtu asikuambie sindano zote za testosteroni unaweza kujichoma.

Ya tatu ndo tukaichukua, enanteti nyumbani, paja la nje, na daktari akabadilisha dozi iwe miligramu 150 kila wiki mbili ili kupunguza kule kupanda na kushuka. Ampuli ni mililita moja yenye 250, kwahiyo 150 ni mililita 0.6 na 0.4 inayobaki inamwagwa, ampuli ikishavunjwa haitunzwi. Kila wiki ingekuwa laini zaidi, ila ingemaanisha kuvunja ampuli kila wiki na kumwaga zaidi ya nusu, hela mara mbili. Kichupa cha kuvuta mara nyingi tulikitafuta famasi za mjini hatukukipata.

Mafunzo yalikuwa mara tatu. Mara ya kwanza ananiangalia, akaanza kwa kuchoma parachichi bichi. Mara ya pili anajichoma mimi nimeshika mkono wake. Mara ya tatu mimi nimekaa nimefunga mdomo. Mikono yake ni ya jembe, migumu, lakini haitetemeki, kilichomshinda mwanzoni ni kuvunja shingo ya ampuli, aliiminya mpaka ikapasukia vidoleni. Nikamfundisha aizungushie pamba na aivunje kuelekea nje. Sindano ya kijani ya kuvutia, anaitoa, anaweka ya bluu ya kuchomea. Paja analigawa kwa viganja, kiganja kimoja juu ya goti, kiganja kimoja chini ya nyonga, katikati hapo kwa upande wa nje, nyuzi 90, anavuta nyuma kidogo kuangalia damu, anasukuma taratibu, sindano hii kulia inayofuata kushoto.

Kitu ambacho hakipo kwenye karatasi ya mafunzo ni baridi. Julai kule kwao mafuta ya dawa yanakuwa mazito kama asali ya asubuhi, ukiyasukuma hivyo kwa sindano nyembamba dole gumba linauma na paja linauma siku tatu. Ampuli aishike kwapani dakika kumi au aiweke kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu. Ukiona chembechembe kama sukari kwa sababu ya baridi, ipashe hivyohivyo mpaka ziyeyuke, na zisipoyeyuka usichome. Sindano zilizotumika zinaingia kwenye dumu gumu la mafuta ya kula lenye mfuniko, likijaa robo tatu analeta kwetu linachomwa na taka za hospitali. Ana watoto, asitupe chooni wala shambani.

Daktari akaandika ampuli 13, za miezi sita, na akaandika arudi mwezi wa tatu wa kujichoma kwa FBP. Tulifurahi wote. Alijichoma ya kwanza akiwa kwake Jumamosi usiku akanipigia simu, nikasikia mke wake anacheka nyuma.

Kilichoharibika

Mwezi wa tatu hakuja. Ilikuwa kipindi cha kuvuna viazi, malori yanasubiri, na yeye anajisikia mzima kuliko miaka mitano iliyopita, aje kufanya nini? Nilipiga simu mara moja ikawa haipatikani, nikaandika kwenye faili "hapatikani", nikaendelea na wengine.

Alikuja mwenyewe mwezi wa saba wa kujichoma ulipoanza, dawa zimeisha. Nilimwona mlangoni nikajua kuna kitu, uso umeiva, macho mekundu. Kichwa kinamuuma karibu kila asubuhi, masikio yanavuma. Presha 158 kwa 96. Tukatoa FBP, HCT 56.

Kwa asiyejua, testosteroni inasukuma mwili utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi. Damu ikizidi kuwa nzito inapita kwa shida, na hofu inakuwa kuganda na kiharusi. Mwongozo unasema ikivuka 54 unasimamisha dawa kwanza. Na watu wanaokaa juu milimani damu yao tayari iko juu kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi, hata miongozo ya wenzetu inatenganisha, inataka tahadhari ya kuanza dawa kwa mwenye HCT ya zaidi ya 48, na 50 kwa wanaokaa sehemu za juu. Mgonjwa wa Kyela kule ziwani na mgonjwa wa kijiji cha Baba T. hawana nafasi sawa ya kukosea.

Ila 150 kila wiki mbili kwa mtu aliyeanza na 46 isingempeleka 56 kirahisi hivyo. Tukaanza kutafuta. Havuti sigara. Mke anasema hakoromi wala hakatiki pumzi usingizini, hilo daktari aliliuliza makusudi kwa sababu kukatika pumzi usiku nako kunapandisha damu. Tukahesabu ampuli, 13 kwa wiki 26, ratiba imenyooka kabisa, hajazidisha hata siku. Hapo tulikwama. Daktari alishaanza kufikiria magonjwa mengine ya damu.

Nikampa ampuli na bomba nikamwambia baba, naomba unioneshe unavyofanya ukiwa nyumbani, usinieleze, nioneshe tu. Akanawa mikono, akaizungushia pamba, akavunja vizuri kuelekea nje, akavuta. Akavuta 0.6, akasimama sekunde moja hivi, akaniangalia, afu akaendelea kuvuta mpaka ampuli ikakauka.

Nikamuuliza na hii ya juu?

Akasema, "sista, hii dawa nimeinunua. Mara ya kwanza nilimwaga kama ulivyonifundisha, mke wangu akaniuliza unamwaga hela ya kilo ngapi za sukari hapo? Nikaona kweli. Kliniki si mlikuwa mnanichoma yote?"

Na ni kweli tulikuwa tunamchoma yote. Kwa miezi 14 alituona tunasukuma mililita nzima, tena anapata nafuu. Akapewa karatasi inayosema 0.6, hakuna aliyemkalisha akamweleza kwamba ile yote ilikuwa ya wiki tatu na sasa tunachoma kila wiki mbili. Kichwani kwake tulikuwa tunambania. Kwahiyo alikuwa anapata 250 kila wiki mbili, dozi kubwa kuliko aliyowahi kupata kwetu, na kwa uaminifu wote bila kuruka hata mara moja.

Tulichofanya

Dawa ikasimamishwa. Alichukia, na alikuwa na haki ya kuchukia, manake uchovu na jasho vilirudi ndani ya mwezi. Daktari hakumtoa damu ili kuipunguza kwa sababu hakuwa na dalili za hatari za haraka, alimpa amlodipini kidonge kimoja ya presha na akapima tena kila baada ya wiki chache. Chembe nyekundu zinaishi karibu siku 120 kwahiyo haishuki kesho. Wiki ya kumi ilikuwa 50, ya kumi na nne 48, tukaanza upya kwa 150 kila wiki mbili, ambayo kiukweli ilikuwa mara ya kwanza kuijaribu.

Safari hii mke alikaa mafunzo yote, na ndo aliyeuliza maswali ya maana. Tulikata mstari mwekundu kwenye bomba pale 0.6 kwa rangi ya kucha. Ampuli ikishavutwa 0.6 inaingia kwenye dumu palepale na kilichobaki ndani yake, kabla hajajichoma. Cheti kinatoka cha ampuli 6 tu. Ili apate nyingine 6 anapima FBP hospitali ya karibu na kwao, anapiga picha karatasi ananitumia WhatsApp, daktari anaiona, ndo anaandika. Testosteroni yenyewe bado anakuja kupima Mbeya, katikati ya sindano mbili, ila hiyo haihitaji kila mara.

Uchambuzi wangu

Kujichoma kwenyewe kulifanya kazi. Hakuna jipu, hakuna mshipa ulioguswa, hakukosa sindano hata moja kwa wiki 26 wakati kliniki alikosa 8 kati ya 20. Wanaosema mkulima hawezi kujichoma waje wamwone. Paja anaona anachofanya na liko mbali na ule mshipa wa takoni, na mafunzo ya mara tatu yenye kunyamaza mwishoni yalimpa mkono. Mke naye anasema ugomvi wa wiki ya tatu uliisha.

Kilichotufelisha ni kwamba tulihamisha sindano tukasahau kwamba ile safari ya kliniki ilikuwa inabeba vitu vingine. Alipokuwa anakuja nilikuwa naona uso wake, napima presha, namtuma maabara hata kama hajaomba. Tulivyompeleka nyumbani, kipimo hakikwenda naye, kilibaki kwenye karatasi kama "arudi mwezi wa tatu". Na FBP inapimwa karibu na kwao, haihitaji Mbeya wala Dar! Tulimwambia arudi kwetu kwa mazoea tu, kana kwamba damu yake inasomeka kwenye mashine yetu peke yake.

Ampuli 13 kwa mkupuo lilikuwa kosa la huruma, tulitaka kumpunguzia safari. Kuhesabu ampuli kama njia ya kujua dozi nalo lilitudanganya, na hapa nawaomba manesi wenzangu, mgonjwa wa sindano za nyumbani akirudi usimuulize "unachoma ngapi", atakujibu karatasi ilivyosema. Mpe bomba akuoneshe.

Lile la 0.4 ndo nalifikiria zaidi. Maelekezo yanayomtaka mtu wa huku amwage karibu nusu ya dawa aliyoinunua kwa hela ya viazi yanahitaji sababu iliyoelezwa mpaka ikaeleweka, kwake na kwa anayeshika bajeti ya nyumba. Niliongea dakika arobaini kuhusu kunawa mikono na kuvunja shingo ya ampuli, kuhusu 0.4 nilisema sentensi moja.

Na vijana wa jimu wanaonifuata inboksi wakisoma hii watafute ampuli, naomba muangalie tena namba. Huyu alikuwa mgonjwa kweli, alipimwa mara mbili asubuhi kabla ya kuanza, ana daktari, na bado alifika 56. Wewe unayechoma bila kupima unaijua yako ni ngapi?

Alipo sasa

Ana miezi sita kwenye dozi sahihi. HCT ya mwezi wa tatu ilikuwa 48, ya mwezi wa sita 49, testosteroni ya katikati 430, presha 132 kwa 84 na kidonge anaendelea. PSA haijasogea. Siku mbili za mwisho kabla ya sindano bado anashuka kidogo, anakuwa mkimya, daktari anafikiria 75 kila wiki ila tumekwama palepale kwenye kichupa cha kuvuta mara nyingi, famasi moja imeahidi kuagiza. Zahanati yao nilienda mwenyewe siku ya mapumziko, nikakaa na wauguzi wawili saa nzima, na sasa kama Baba T. amepata shida na sindano anaweza kuingia kwa mlango wa nyuma akamwona mmoja wao bila kupita kwenye benchi. Picha ya FBP ya mwisho ilikuja Jumapili usiku, imepigwa kwenye mwanga wa koroboi, HCT imezungushiwa kalamu na chini ameandika "ndaga fijo (asante sana) sista, mama T. ndo kamwaga".